Nani kakwambia wewe si fundi?

Wiki tatu hizi barua zenu zina kilio kimoja. Mtu ana kazi yake, anaifanya miaka, wateja wanamwomba awafundishe mtandaoni, naye anawajibu "nitawaambia", kisha anakaa kimya mwaka mzima. Anaogopa kuumbuka. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika makala kuhusu hofu hii baada ya kuwasikiliza wanawake zaidi ya 150 waliofaulu sana masomoni na kazini, lakini moyoni wakiamini wamefika pale kwa bahati na kwamba ipo siku watagundulika. Hawakuiita ugonjwa. Nami nawajibu kama watu wenye afya zao na kazi ya kufanya.

Dada, nashona miaka 14 sasa, nilifunzwa na shangazi. Wasichana wananiomba niwafundishe kukata magauni kwa video. Sijapita VETA wala chuo chochote, na ninachokijua ni vitu vidogo tu ambavyo kila fundi anavijua. Waliosoma wakinicheka je? – Fundi cherehani, Morogoro

Dada yangu, nikuulize. Mteja akiingia na kitenge chake, kabla hujashika futi, si umeshaona kwamba bega lake la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto? Unapokata unaongeza kitu kidogo upande ule bila kumwambia, gauni linamkaa, naye anakwenda kusifia kitenge. Jicho hilo umelipata kwa kuharibu vitambaa vya watu na kuvilipa. Wasichana wanalitaka hilo, na hakuna wa kulitoa ila aliyekaa kwenye cherehani.

Usijipe cheti usichonacho, hapo ndipo watu huumbuka kweli. Andika kama ilivyo: "Fundi wa magauni, miaka 14, nilifunzwa na shangazi." Neno fundi katika Kiswahili halikungoja vyeti. Mwanagenzi alifagia, akashika pasi, akapewa mkasi siku fundi aliporidhika naye. Kama cheti kinakukosesha usingizi, VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuurasimisha ujuzi wao. Nenda kaulize. Ila darasa lisikisubiri.

Kuhusu hivyo "vitu vidogo", hapo nakukatalia kabisa. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliwapa watu kazi ya kugonga meza kwa mdundo wa nyimbo zinazojulikana na kila mtu, na wenzao wasikilize na kuutaja wimbo. Wagongaji walitegemea nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Mgongaji alikuwa anausikia wimbo mzima kichwani, mwenzake alisikia ko-ko-ko.

Kichwani mwako kuna wimbo wa miaka 14. Ukisema "kata kwapa", wewe unaona kitambaa kilivyokunjwa, alama ya chaki, nafasi uliyoiacha ya mshono. Msichana wa Kihonda anasikia ko-ko-ko. Kwa hiyo somo la kwanza lisiwe gauni zima. Liwe kwapa tu. Simu itazame meza kutoka juu, uso wako usionekane kama unakuletea haya, na mkasi ukifika pale unapogeuka, punguza mwendo useme kwa nini umegeuka hapo. Dakika nane zinatosha.

Naoka keki hapa Kisauni mwaka wa sita. Nilinunua taa na maikrofoni, nikarekodi kozi nzima ya mapambo ya keki za harusi, video 32. Walionunua ni wawili, na mmoja ni binamu yangu. Si hii ni dalili kwamba mimi sifai kufundisha? – Mwoka keki, Mombasa

Pole sana kwa usiku wote ule wa kurekodi. Lakini hapana, sioni dalili hiyo. Ninachokiona ni kwamba hukuwauliza wateja. Na nadhani hukuwauliza kwa sababu ile ile ya hofu: mtu anayejishuku hupenda kuonyesha jambo gumu kuliko yote analoliweza, ili asije akaambiwa hajui. Ukachagua maua ya sukari na keki ya ghorofa nne. Kozi ile uliwatengenezea waokaji wenzako unaowaogopa, ukawasahau wanaokutumia ujumbe.

Fanya hivi leo usiku. Fungua WhatsApp, rudi nyuma hadi miezi mitatu, kila swali ulilowahi kuulizwa kuhusu kuoka linakili kwenye daftari kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, usiyasahihishe. Katika barua yako ndefu umenitajia matatu bila kujua kwamba ni silabasi: "keki yangu inazama katikati", "niuze kilo moja pesa ngapi", na lile uliloandika linakuchosha, "sina oveni, nitafanyaje".

Hilo la tatu ndilo kozi yako. Fikiria nyumba ngapi hapo Kisauni zina oveni, na ngapi zina jiko la makaa, sufuria kubwa na mchanga. Umeniandikia kwamba ulianza hivyo hivyo, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, na kwamba ulikuwa ukiusogeza mkono karibu na kifuniko kuujua moto, ukihesabu hadi ngapi kabla hujautoa. Umeyaandika hayo kwa mstari mmoja, kama mtu anayeona haya. Mimi niliusoma mstari huo mara mbili. Mama mwenye jiko moja anayetaka kuuza vipande vya keki shuleni atakupa pesa yake kwa hesabu hiyo ya mkono.

Safari hii usirekodi kwanza. Tangaza darasa la Jumamosi nne, saa mbili usiku, "Keki ya makaa isiyozama", watu kumi tu, walipe M-Pesa kabla. Wasipofika watano, warudishie pesa zao siku hiyo hiyo na uwaulize wangependa nini badala yake. Wakifika, fundisha moja kwa moja, waone moshi, waone ukikosea. Maswali yao ndiyo yatakayokuonyesha video ya kurekodi baadaye, na nina hakika hazitafika 32.

Na wingi wa video hauhesabiki kama ukarimu. Vyuo vikuu vya Harvard na MIT vilipotoa kozi zao 17 za kwanza mtandaoni bila malipo, mwaka wa masomo wa 2012 hadi 2013, usajili ulifika 841,687. Vyeti vilivyotolewa vilikuwa 43,196, yaani kama 5 kwa kila 100. Wengine walikuja kuchungulia tu, nao hawana kosa. Lakini kama kwa walimu wale mtu anajiandikisha na hamalizi, usijilaumu mteja akiishia video ya tatu. Fupisha.

Nina kuku wa nyama 500 na majirani wote huja kwangu kuuliza. Nataka kufungua darasa la mtandaoni lakini sina cheti cha mifugo. Daktari wa mifugo akijiunga kimyakimya akanisikiliza? – Mfugaji, Kibaha

Mkaribishe kwa jina, kaka. Gawanya kazi naye. Wewe unajua banda, maranda, joto la vifaranga wiki ya kwanza, wanaponunua kuku na wanapokwepa kulipa, na daftari la chakula linalokuonyesha kama umepata au umekula hasara. Hayo fundisha kwa sauti yako yote. Chanjo waambie wanafunzi waifuate kwa ratiba ya afisa mifugo wao, kideri na gumboro hazichezewi. Dawa na dozi usizitaje hata ukibembelezwa, hata kama unazijua. Mtu akikutumia picha ya kuku anayeumwa saa tano usiku, jibu ni moja: mpigie mtaalamu. Ukiweka mpaka huo tangu somo la kwanza, hofu ya daktari itakuisha, maana hutakuwa umekaa kwenye kiti chake.

Mimi ni mhasibu. Kila kitu ninachokijua kuhusu kutayarisha ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kiko YouTube bure. Nani atanilipa? – Nairobi

Yule aliyetazama video tano zinazopingana, na tarehe ya mwisho ni kesho. Hanunui habari, ananunua mpangilio na mtu wa kumwambia "hapo umekosea". Weka saa moja kila wiki ya kutazama kazi zao wenyewe, wazilete pamoja na risiti zao.

Shikamoo dada. Nimesoma masoko ya mtandaoni kwa miezi sita kupitia simu. Sijapata mteja bado, ila nataka kuuza kozi ya "jinsi ya kupata wateja". Nasikia hofu sana. Niishindeje? – Kijana, Dar es Salaam

Marahaba mdogo wangu. Hii usiishinde, isikilize. Fundi wa Morogoro anaogopa ilhali ana magauni mia kwenye kabati za watu. Wewe unaogopa kwa sababu dhamiri yako inajua kuwa unataka kuuza safari usiyoisafiri. Ni hofu mbili tofauti japo zinauma mahali pamoja, na anayewaambia vijana "jiamini tu" kwa zote mbili anawaponza wao pamoja na wateja wao.

Njia ya kuzitofautisha ni swali moja: nimewahi kumfanyia mtu jambo hili, likamfaa, na naweza kumwonyesha mtu huyo? Chukua maduka matatu ya mtaani kwenu, uwafanyie kazi kwa bei ndogo, andika kila kilichokwenda na kilichokwama. Mwakani niandikie tena. Nitafurahi kweli kukusoma.

Nafundisha wageni Kiswahili kwa Zoom. Nikitaja bei moyo unadunda, naona kama nauza elimu. Tumelelewa kuambiwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. – Mwalimu, Zanzibar

Mwalimu wangu, methali hiyo imewafunga midomo watu wema wengi. Ilisemwa kwenye soko ambalo muuzaji na mnunuzi wanaonana, na papai linanusika kabla ya kununuliwa. Mgeni aliyeko Oslo hawezi kukunusa. Asipokusikia wewe, atamsikia mwenye kelele kuliko wewe, na Kiswahili chake kitaharibikia huko.

Kumlipa mwalimu hakukuletwa na mitandao. Wazee wetu walikuwa na neno lake, kilemba: zawadi au ada aliyopewa mwalimu au fundi mafunzo yalipokwisha. Hakuna aliyeona aibu kuvaa kilemba. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa Zoom ukimngojea mwisho atakuwa ameshazima kamera, kwa hiyo chukua mwanzoni. Taja kiasi, kisha nyamaza. Usiongeze "lakini tunaweza kuongea" kabla hajakuomba upunguze. Na ukitaka kutoa sadaka, tenga nafasi mbili kila darasa kwa wasioweza, uzitoe kwa moyo mmoja.

Mwanafunzi akiniuliza nisichokijua mbele ya watu wote? – Msusi, Mwanza

Atakuuliza, tena wiki ya kwanza. Mimi nafundisha wafanyabiashara wadogo kuandika hesabu. Darasa langu la kwanza lilikuwa la akina mama 11 kwenye kundi la WhatsApp, na usiku wa pili mmoja akatuma sauti: "Nimechukua madera 20 kwa mali kauli, nitalipa nikiuza. Niandike ni mali yangu au ni deni langu?" Nilikuwa nimejiandaa kwa faida, hasara na mtaji. Mali kauli haikuwa kwenye karatasi zangu hata mstari mmoja. Nilishika simu mkono ukitoka jasho, nikaandika jibu, nikalifuta, nikaandika jingine, nikalifuta. Mwishowe nikatuma: "Hilo sina jibu la uhakika. Nipe hadi Alhamisi."

Hakuna aliyetoka kwenye kundi. Kesho yake nilikwenda Kariakoo kwa mzee mmoja wa vitambaa ambaye ametoa mali kauli tangu mimi niko shule. Akanionyesha daftari lake, kurasa za nyuma kabisa, mbali na za mauzo: jina, idadi, tarehe, na mstari unaokatwa kila kipande kinapolipwa. Mzigo usiouzwa si wako, akaniambia, usiuhesabu kwenye mtaji wako, lakini upotevu wake ni wako, kwa hiyo uandike. Alhamisi saa tatu usiku nikatuma picha ya ukurasa kama ule niliouchora mwenyewe, na maelezo ya dakika sita. Walioniuliza baada ya hapo walikuwa tisa kati ya wale 11. Wote walikuwa na mali kauli nyumbani.

Siku hizi kila darasa jipya naanza na ukurasa ule.