Ukingo wa boti ya modeli unachanika na rangi inatoka kwenye kona, nifanyeje?

Swali: Habari fundi. Natengeneza modeli ya boti ya mwendo kasi, skeli 1:24, ubavu ni plaiwudi ya milimita 1.5. Bodi kwa ujumla imetoka poa ila ukingo wa juu ukiutazama una mawimbi, plaiwudi inachanika kila nikipiga msasa, na kwenye kona ya chini pale ubavu unapokutana na tumbo rangi imeshatoka mpaka mbao inaonekana. Jamaa mmoja kaniambia nizizungushe kona zote ziwe duara na shida itaisha. Ni kweli? Na je, ni lazima nikwangue rangi yote?

Jibu: Salama mkuu. Usizizungushe zote, tafadhali sana. Kwa boti ya mwendo kasi hiyo itakuharibia namna inavyokimbia, manake maji yana tabia ya kuufuata mviringo. Boti ikishapanda juu ya maji na kuanza kuteleza, maji yanayotoka chini ya tumbo yanatakiwa yaachie pale pale kwenye kona, sasa ukiiviringa yanapanda ubavuni, boti inaloa na kuwa nzito. Ubao wa nyuma ndo mbaya zaidi, ukingo wake wa chini ukiwa duara maji yanaukumbatia na kuvuta tezi (sehemu ya nyuma ya boti) chini, utabaki kuhangaika na motor na propela wakati tatizo liko kwenye msasa.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote chukua penseli uandike kwenye bodi yenyewe, kona hii kali, kona hii laini. Kona kali ni ukingo wa chini wa ubao wa nyuma wote, na kona ya ubavu na tumbo kuanzia katikati kurudi nyuma. Laini ni ukingo wa juu, mbele ya omo (pua ya boti) na sehemu ya mbele ya mkuku, ule uti wa chini katikati ya boti. Hata hizo laini usipitilize, kumbuka uko skeli 1:24, mviringo wa milimita 1 kwako ni sawa na milimita 24 kwenye boti yenyewe, na jicho la mtu linaiona hiyo haraka kuliko unavyodhani. Nusu milimita inatosha kabisa.

Tuanze na mawimbi ya juu, maana hayo hayafichiki na rangi, rangi ya kung'aa ndo inayaonyesha zaidi. Watu wengi wanapiga msasa pale wanapoona kilima, wanatengeneza shimo jipya pembeni, wanafuata na lile, mpaka ukingo umeshuka milimita kadhaa bado una mawimbi. Unachohitaji ni mstari kwanza. Tafuta ufito mwembamba unaopinda wenyewe bila kulazimishwa, ubane kwenye ubavu kwa klampu ndogo au pini pale penye mataruma (mbavu za ndani za boti), usogeze mpaka ukifumba jicho moja na kutazama kutoka omo kwenda tezi uone mkunjo mmoja uliotulia. Ufito hauna uwezo wa kukunja kona ndogo ndogo, ndo maana unakupa mstari safi kuliko mkono. Chora penseli chini yake, fanya hivo na upande wa pili, ila vipimo vichukue pande zote mbili kutoka kwenye meza bapa boti ikiwa imebanwa isitikisike, la sivyo upande mmoja utakuwa juu na mwingine chini.

Alafu kabla ya kukata mpaka kwenye mstari, gandisha nyuzi za plaiwudi ziwe ngumu. Hapa ndo kwenye jibu la kuchanika: tabaka la nje halina kitu kinacholishika pembeni. Tembeza supaglu nyepesi, ile ya maji maji kabisa, kwenye ukingo wote, tone tone, utaona mbao inainywa na kugeuka rangi kidogo, subiri ikauke vizuri. Fungua madirisha maana moshi wake unachoma macho, na usiifute kwa pamba, ikikutana na pamba inapata moto. Kitu kimoja, kama una sehemu unataka ionekane mbao yenyewe kwa stain (rangi inayoingia ndani ya mbao) na vanishi, supaglu isiguse pale, stain haitaingia na alama itabaki milele.

Sasa msasa. Usishike karatasi kwa vidole. Gundisha msasa namba 180 kwenye kibao bapa kilicho kirefu kuliko upana wa boti, kilaze kiwe daraja juu ya kingo zote mbili, ya kushoto na ya kulia kwa pamoja, alafu sukuma taratibu huku ukisogea kutoka omo kurudi nyuma. Kingo mbili zinashuka kwa kiwango kimoja na uso wake unabaki bapa, ukija kuweka deki haina uwazi. Ukimalizia kwa mkono, piga kutoka nje kuelekea ndani, usivute kwenda nje kwa sababu ndo unavyong'oa lile tabaka. Simama mstari wa penseli ukibaki nusu, maliza kwa 240.

Kama unaweka ufito wa kuzunguka juu, mimi napendelea fito mbili za milimita 1 zilizogundishwa pamoja kuliko moja ya milimita 2, zinakaa kwenye mkunjo bila kutaka kurudi. Ziloweke, zibane kwenye boti zikauke usiku mzima bila gundi kwanza, maana mbao iliyoloa ikikauka inasinyaa, ndo ugundishe, ukienda kushoto na kulia kwa zamu ili bodi isipinde.

Kona ya chini ina utaratibu wake. Ukitaka faibaglasi, hata kitambaa chepesi hakikubali kukunja kona kali, kinanyanyuka na kuacha hewa chini yake. Kwa hiyo zungusha kona kidogo, karibu milimita 2 hivi, laza kitambaa na epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), ikishakauka ndo uirudishie ukali: bandika maskintepu kwa chini ikiwa imejitokeza nje ya kona kama ukuta mdogo, jaza epoksi iliyochanganywa na unga wa silika mpaka iwe nzito isiyotiririka, ikikauka bandua tepu na uisawazishe kwa kibao, upande wa tumbo kwanza kisha ubavu. Unapata kona kali ya epoksi tupu, ngumu kuliko plaiwudi. Kabla ya msasa osha epoksi kwa maji na sponji ya kukwaruza, mara nyingi inaacha utando wa nta juu unaoziba msasa na kukataa rangi. Na vaa barakoa, vumbi la faibaglasi si la kuchezea, ukiweza piga msasa wa maji.

Rangi inatoka kwenye kona kwa sababu mbili. Ikiwa mbichi inajivuta yenyewe kuondoka kwenye ncha kali, kwa hiyo pale ni nyembamba tangu siku ya kwanza, alafu msasa wako kati ya koti na koti unakula pale pale. Hata ile kona kali ipitishe msasa 400 uliochakaa mara moja tu, ukali wa wembe uondoke, maji hayatajua tofauti. Praima koti ya kwanza piga kwenye kona peke yake, nyembamba, ndo upige bodi nzima. Ukisugua kati ya makoti bandika tepu milimita 3 kutoka kwenye kona, sugua bodi, toa tepu, kona iguse mwishoni kabisa kwa kidole.

Rangi yako ya sasa haina haja ya kukwanguliwa yote. Kwangua sentimita 2 kila upande wa kona, ishushe taratibu kwa 320 mpaka ukipitisha kucha usisikie ngazi, tengeneza kona, praima, alafu rangi ya mwisho ipige ubavu mzima mpaka kwenye mstari wa maji, ukiishia katikati kiraka kitaonekana.