Barua kwa Mwanangu: Ile Karatasi Iliyosema Usije

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa simu niliusoma juzi usiku, nikauacha, nikausoma tena asubuhi. Nimeona nishike kalamu, maana jambo lenyewe si la kujibiwa kwa dole gumba. Umeuliza: "Mama, hivi ni kweli bibi alimfukuza mjomba?" Ukaniwekea na picha ya karatasi uliyoitoa kwenye sanduku la bati Krismasi, ile yenye maneno "nyumba unayoijua haipo tena, basi usije." Ukamalizia kwamba unataka kuziweka barua zote za bibi kwenye kundi la ukoo, kila mtu azisome.

Haya. Itazame tena hiyo picha, utazame mwandiko. Umelalia upande mmoja, una mikia, herufi zimeshikana vizuri kabisa. Wewe bibi yako uliwahi kumwona akiandika hivyo? Barua za mkono wake unazijua: herufi kubwa tupu, M imeongezewa mguu, na mstari unapanda mlima mpaka kona ya karatasi. Hiyo ya "usije" iliandikwa na mwenye duka.

Ulikuwa mwaka 1971, mwaka wa Operesheni Dodoma. Ninyi mmesoma shuleni kwamba watu wa Ugogo walihamishiwa vijiji vya ujamaa kwa sababu ya ukame na njaa za kila mara, wakae pamoja wapate shule, maji na zahanati. Ni kweli, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino akafyatua matofali na wananchi. Sisi wa upande wa Bahi tulimsikia redioni. Tulichoona kwa macho ni lori. Lori hubeba magunia ya mtama, hubeba kinu na kuku, lakini tembe, nyumba yetu ya Kigogo, halibebeki. Paa lake ni udongo. Wanaume waling'oa boriti zilizokuwa bado nzima, na kila boriti ikitoka, udongo unashuka kwa kishindo ndani ya chumba, vumbi linatokea mlangoni. Mama alisimama pale zizini akitazama, kitinda mimba mgongoni. Kaburi la babu yako likabaki nyuma ya zizi, na mpaka leo ukinipeleka sina hakika kama nitalitambua.

Mjomba wako wakati huo alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Mtoto wa kwanza, mwanamume. Hakuja. Labda hakujua. Lakini aliyempelekea habari yuko, nami sitamtaja.

Basi mama akaenda kuandikisha barua. Barua zote za kijiji zilipitia sanduku la posta la mwenye duka, na yeye ndiye aliyesoma, ndiye aliyejibu, kwa shilingi au kwa mayai. Mayai nilibeba mimi. Mama aliongea muda mrefu sana. Alianza na mlango, akaja kwenye boriti, akaja kwenye kaburi, akataja ndama aliyevunjika mguu wakati wa kuhama, na yule bwana anaitikia "ehe, ehe" huku akipima sukari ya wateja. Mwisho akaandika mistari sita.

Sasa utaniuliza, "usije" alilisema au hakulisema? Alilisema. Nilikuwepo. Ila alisema mengi kabla yake na mengi baada yake, na hayo hayakuingia kwenye karatasi. Halafu najibishana mwenyewe: kama alikuwa anamaanisha tu kwamba asiende kule kwenye mahame, si angemwelekeza njia ya kufika kijiji kipya? Hakumwelekeza. Au alimwelekeza, na ndiyo ile sehemu mwenye duka alipokuwa anapima sukari. Sijui nimkumbuke vipi, maana nilikuwa mtoto na nilikuwa nahofia mayai.

Jibu la mjomba lilikuja baada ya mavuno, siku ya mnada. Hapo ndipo penye kidonda, mwanangu, na ndiyo sababu nakataa habari ya kundi la ukoo. Siku ya mnada dukani palijaa: wachuuzi wa mbuzi, wazee na magongo yao, wanawake wenzake mama waliokuja kuuza karanga. Yule bwana akaifungua barua pale pale kwenye kaunta, akaisoma kwa sauti ya mtangazaji. Zikaja salamu nyingi kama mchanga wa bahari, likaja swali la ng'ombe, likaja swali la mvua. Kisha: "Kama nyumba haipo, mimi nimepata nyumba yangu huku. Nimeoa. Mahari hawakutaka nyingi, nimemaliza mwenyewe." Kukawa kimya kidogo. Mzee mmoja akadakia, "Basi mama, ng'ombe wako wamepona!" Duka zima likaangua kicheko, na mwenye duka naye akacheka, karatasi bado iko mkononi mwake.

Mama alinyoosha mkono, akaichukua, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga anapofungaga hela. Akasema ahsante kwa kunisomea. Kwa adabu kabisa. Njiani hakufungua mdomo, na tulipofika akanituma kuni ambazo zilikuwepo tele.

Barua ina mwenyewe. Nimewaambia hilo tangu mko wadogo, mkadhani nawakataza umbea tu.

Wiki iliyofuata akaenda kwenye kisomo cha watu wazima. Serikali ilikuwa imeutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na darasa letu lilikuwa chini ya mti, jioni, wakitoka shambani. Mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, hata ndevu hana, na mama alimwamkia "mwalimu" kama wenzake wote. Nyumbani alifanya mazoezi kwa mkaa, ukutani, karibu na mafiga. Ukuta wote wa jikoni ukawa M. Mjomba wako mdogo alipigwa kwa kuegemea M. Mwaka 1975 kulipofanywa mtihani wa taifa wa kisomo alifaulu, na cheti kimo humo sandukuni, chini ya kitenge cha bluu. Hicho hukukipiga picha, nimeona.

Umelalamika kwamba barua zake hazina tarehe. Hakuona haja. Lakini zinajitaja zenyewe ukizijua. Zile za mwanzo zilizobaki na bahasha, angalia stempu: zina majina matatu, Kenya, Uganda na Tanzania, basi ni za kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika 1977. Ile anayolalamika kwamba redio imemwamuru achimbe choo na udongo ni mgumu kama meno ya punda, hiyo ni ya kampeni ya Mtu ni Afya, 1973. Na ile ya kwanza kabisa kumwandikia mjomba kwa mkono wake ni ya njaa ya 1974, kwa sababu ya unga wa njano, ule tuliouita wa Yanga. Ninayo hapa mbele yangu, nainakili kama ilivyo:

"MWANANGU. HII NAANDIKA MIMI. HAKUNA MTU MWINGINE. NJAA IPO. UNGA NI WA YANGA. MKEO JINA LAKE NANI. LETE SABUNI."

Hakuna salamu hata moja. Mchanga wa bahari aliuacha kwa mwenye duka. Nilicheka sana nilipoisoma mara ya kwanza, nikacheka mpaka baba yako akaja kuuliza kuna nini. Baada ya neno "nani" pana tundu. Alikuwa ameandika kitu, akakifuta kwa mate na kidole mpaka karatasi ikatoboka. Ukiiweka kwenye mwanga unaona mguu mmoja wa herufi ukingoni mwa tundu, basi. Nimekodoa macho, sipati.

Na mjomba aliitunza karatasi hiyo maisha yake yote, pamoja na ile ya "usije", kwenye bahasha moja ya kaki. Mkaza mjomba wako ndiye aliyenikabidhi baada ya matanga. Sasa hapo ndipo ninapojikwaa. Nasema barua ina mwenyewe, na mwenyewe amefariki, na mimi zote nilizisoma usiku uleule, kwa taa ya simu. Kama ni haramu kwenu, kwangu ilihalalishwa na nani? Wifi alisema "zitunze." Hakusema "zisome", hakusema "usisome." Lakini kuzisoma peke yangu kitandani na kusomewa mbele ya mnada si kitu kimoja, na lile kundi lenu, lenye watu ambao hata sura zao siwajui na kila mmoja ana kikaragosi cha kucheka tayari, ni mnada.

Mjomba alikuja lini, hilo hunihitaji mimi. Wewe ndiye uliyempokea begi stesheni. Uliona bibi alivyomwekea ugali wa uwele na mlenda kabla hajakaa vizuri, halafu hakumsemesha mpaka jua lilipozama.

Unataka niseme nani alikosa. Sisemi. Wote wawili hawapo wa kujitetea. Ingawa mtu anayeuliza kwanza hali ya ng'ombe, ndipo anamwambia mama yake mzazi "nimeoa" mstari wa mwisho... Basi, nimesema sisemi. Na mama naye angeweza kungoja hasira zishuke ndipo aende dukani. Niishie hapo.

Fanya hivi. Ile ya choo itume kwenye kundi hata leo, wacheke, yeye mwenyewe alikuwa akiisimulia. Cheti nitakipiga picha mimi nikutumie. Ile ya mwenye duka na ile ya unga wa njano usizitume mpaka uzungumze na mkaza mjomba wako, kwa sababu katika hiyo ya pili yumo yeye kabla hata hajajulikana jina. Yuko Mbagala kwa binti yake, simu hupokea jioni tu. Ukimpata, mwulize kama mjomba aliwahi kumwambia palikuwa na neno gani kwenye lile tundu. Mimi naona haya kumwuliza.

Ukipata likizo mwezi wa tatu njoo, zabibu zitakuwepo, na kwa hiyo treni ya umeme hamna tena kisingizio. Kata tiketi mapema. Lete wino wa hii kalamu, wa bluu, hapa dukani wanauza mweusi tu.

Ni mimi mama yako.