Gari mpya, mwembe na vumbi la Tabora

SWALI: Kaka habari, nimevuta gari mpya, nyeusi, niko Ipuli hapa Tabora, napaki chini ya mwembe maana jua la saa nane sio la kitoto. Nipake waksi mwenyewe au nitafute seramiki, ile dawa ya maji inayogandia juu ya rangi kuilinda?

JIBU: Hongera sana ndugu yangu! Kwanza hamisha gari hapo, utomvu na kinyesi cha ndege vikikaukia juani vinakula rangi, ukiona doa weka kitambaa chenye maji dakika chache lilainike ndo ufute, usikwangue na kucha. Na vumbi usilifute kavu na tambara jamani, mchanga unachora rangi kama msasa na kwenye nyeusi kila mkwaruzo unaonekana, inaniuma kweli nikiona. Mwagia maji kwanza, osha na shampuu ya gari, sabuni ya unga inaondoa waksi. Seramiki inadumu zaidi ila ukichelewa kuifuta inaganda na kuitoa ni mpaka polishi, we anza na waksi: asubuhi, kivulini, bodi ikiwa ya baridi, paka nyembamba sehemu moja moja, ikifanya ukungu futa na kitambaa laini cha maikrofaiba. Maji yakiacha kujikusanya vitone vitone juu ya boneti, paka tena.