Kijiti cha sentimita 23 na wavu wa sangara

Wavuvi wengi wa sangara wa Ziwa Victoria, kuanzia Ukerewe hadi Muleba, wakikosa samaki hulaumu uzi. Mara nyingi kosa liko kwenye kamba: wavu mzuri umefungwa vibaya.

Kanuni ni nusu kwa nusu. Wavu ambao ukivutwa kabisa unafika mita 100, ufunge kwenye kamba ya mita 50. Jicho, yaani tundu moja la wavu, la inchi 6 likinyooshwa lina sentimita 15 na kidogo, kwa hiyo likishafungwa lichukue kama 7.6 tu. Macho matatu ni kama sentimita 23, basi kata kijiti cha urefu huo. Pitisha sindano kwenye macho matatu, funga kwenye kamba, pima kwa kijiti, chukua matatu mengine. Fundo moja huteleza wavu unapovutwa, hivyo ongeza la pili juu yake. Fundo likishateleza, macho hujazana upande mmoja na kuacha upande wa pili umekazika kama ngozi ya ngoma.

Ukifunga mita 100 kwenye kamba ya mita 70, wavu utaonekana mrefu na moyo utafurahi, lakini umekaza. Sangara mkubwa akiugonga anageuka na kwenda zake. Anatakiwa akute wavu uliolegea, auingie kwa mashavu, ajipindue, ajisokote. Usilegeze kupita kiasi nako, maana wavu utajisokota wenyewe na kukusanya gugumaji.

Kamba mpya usiifunge siku hiyohiyo. Iloweke, ifunge kati ya miti miwili, ivute usiku kucha mpaka msokoto utoke. Vinginevyo itarefuka ziwani na vipimo vyako vyote vimekwisha. Kamba ya chini, yenye mawe, iwe ndefu kidogo kuliko ya maboya: kwa mita 50 za juu, weka kama 53 chini.

Mawe na maboya yapimeni majini, palepale ufukweni, kabla mtumbwi haujaondoka. Kwa wavu wa kuelea, maboya yabebe wavu na mawe bila kuzama. Kwa wavu wa chini, mawe yashinde. Na kila mwisho uwe na boya kubwa lenye bendera, kwa sababu wavu uliopotea huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala.

Mkirudi, anikeni kivulini. Nailoni haiozwi na maji, jua ndilo linaloila. Wavu uliokaa juani miezi kadhaa unaonekana mzima. Vuta jicho moja kwa vidole gumba viwili, likikatika kirahisi, usiwapeleke watu ziwani na wavu huo.