Mmeniuliza kama huku Houston kuna haki, haya nawajibu

Jamani ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, swali la kaka yangu wa Mikindani nimelisoma, na nimeona wengi mmemuunga mkono. Anasema dada wewe uko nchi ya sheria, moshi wa kiwanda ukikudhuru unashtaki unalipwa, sisi huku gesi imetoka Mnazi Bay na Songo Songo ikaenda zake Dar tumebaki tunaangalia bomba, sasa we unalalamika nini? Nimesubiri nitoke shifti nijibu vizuri maana hili jambo liko moyoni mwangu siku nyingi.

Houston ni mji wa mafuta na gesi huku Marekani. Ile Mtwara Kuchele, yani Mtwara kumekucha, tuliyokuwa tunaimbiwa, huku kulishakucha zamani, na pesa ipo sibishi. Ila huu mji hauna ile sheria ya kusema hapa makazi pale viwanda, kwahiyo huku mashariki kando ya mfereji wa meli kuna mitaa, mfano Manchester, nyumba za watu na viwanda vya mafuta vinatazamana kabisa, na wanaokaa hapo wengi ni Walatino wa kipato cha chini. Na sio bahati mbaya. Mwaka 1979 mwanasosholojia mmoja mweusi, Robert Bullard, mkewe wakili alimwomba amsaidie kwenye kesi ya kupinga dampo kuwekwa mtaa wa watu weusi, akaenda kuhesabu madampo ya mji, akakuta yote 5 ya halmashauri yako mitaa ya weusi, wakati weusi walikuwa kama robo tu ya wakazi. Na hiyo kesi wakashindwa. Kaka, ndio nchi ya sheria hiyo.

Sasa mkisikia hivyo mtasema basi ni rangi tu. Hapana, ngojeni niwaambie nilichokiona.

Machi 2019 matangi ya kemikali yaliwaka moto Deer Park, mji wa jirani huku mashariki, siku kadhaa moshi mweusi juu ya mji. Watu wakaambiwa kaeni ndani fungeni madirisha. Mi natunza wazee majumbani, na mzee hawezi kuachwa peke yake, bosi akasema njoo kama kawaida, nikasimama kituo cha basi na ushungi wangu nimejifunika pua, na waliosimama pale na mimi karibu wote wanawake, weusi na Walatino, wafagiaji, wapishi, wayaya. Wenye kazi za kompyuta walibaki kwao. Jirani yangu mama wa Honduras mtoto wake ana pumu, ile wiki alikuwa anakohoa usiku kucha na mama anaogopa kumpeleka hospitali kwasababu hana karatasi za ukaazi wala bima. Mi nina grinkadi na Kiingereza cha kuombea, nilimpeleka mimi. Yani moshi ni uleule, mtaa uleule, wote wanawake, lakini mimi nafungua mdomo yeye hawezi. Na mume wake anafanya kibarua hukohuko viwandani, kule anapewa barakoa, jioni anarudi na ovaroli mkewe anaifua kwa mikono, na ukimwambia tukalalamike mume hataki, ndio ugali wao huo. Nyumba moja hiyo! Halafu mikutano ya wakazi na wenye viwanda inaitishwa saa kumi na mbili jioni, saa ambayo sisi ndio tunaingia shifti ya usiku, kwahiyo wanaosimama kusema ni wazee wa kiume waliostaafu, na wanasema vizuri tu ila ya ovaroli hawayajui.

Kuna mwanasheria mweusi wa huku, Kimberlé Crenshaw, aliliandika hili mwaka 1989, jinsi rangi na uanamke vinavyomkuta mtu mmoja kwa pamoja. Alichukua kesi ya wanawake weusi walioishtaki General Motors, hukumu yake ilitoka 1976. Kampuni ilikuwa inaajiri weusi, wanaume, na inaajiri wanawake, weupe. Wanawake weusi ndio walikuja kuingizwa mwishoni, na punguzo la kazi lilipokuja wakatolewa wao wa kwanza. Mahakama ikawaambia leteni shauri la rangi au la uanamke, kuyachanganya hatutaki. Wakaanguka katikati hapo. Nilipolisoma hilo sikumfikiria Mmarekani yeyote, nilimfikiria mama mdogo.

Maana 2013 tulisimama kama Kusini moja kupinga bomba la kwenda Dar, gesi haitoki, na watu walikufa, na mimi mpaka leo naamini dai lilikuwa la haki, tulishadharauliwa vya kutosha mpaka jina la Machinga likawa jina la kila mtu anayetembeza nguo barabarani. Ila ndani ya hiyo Kusini moja nani alikuwa anasikilizwa? Mwenye shamba, mwenye chombo, mwenye kadi ya chama. Yule mama anayetanda dagaa na kutafuta pweza wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, mthamini wa fidia akija anahesabu nyumba na minazi na mikorosho, ile pwani anayolishia watoto haina jina lake basi haiandikwi popote. Mnapopuliza dawa ya salfa kule Tandahimba mwenye pampu anafunga kitambaa usoni, mwanamke anayefagia chini ya mikorosho na mtoto mgongoni analivuta lile vumbi hivyohivyo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na barabara ikakatika Somanga, mwenye nauli ya ndege aliruka, mama wa biashara ndogo alilala njiani na mzigo wake ukaoza. Na akiwa mjane? Na akiwa ametoka ng'ambo ya Ruvuma watu wanamwita mkimbizi? Huyo nani anamwita kwenye mkutano?

Sisi ukoo wetu ni wa upande wa mama, mnajua, shamba la kule kwetu ni la bibi. Lakini tathmini ilipofanywa kupisha ule mradi jina lililoandikwa ni la baba mdogo, ambaye wameshaachana na mama mdogo, na wajomba mlikuwepo mkanyamaza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanaume. Mjomba najua utaniona nimekosa adabu, nisamehe, ila umeniuliza haki nami nakujibu haki.

Kaka, huo mkutano wa fidia mnaosema ni Ijumaa baada ya swala, ombeni usogezwe mpaka Jumamosi asubuhi, hiyo Ijumaa ni bamvua wanawake wote watakuwa pwani. Na ile fomu ya tathmini ya mama mdogo nipigieni picha kurasa zote, upande wa sahihi uonekane vizuri, nimeshaongea na wakili wa msaada wa kisheria hapo Mtwara na anaisubiri.