Kabla hujaendesha dcgpofix, andika namba za kanuni zako za nywila

Juzi usiku kijana mmoja fundi wa mtandao alinitumia ujumbe: "Kaka shikamoo, nimefuta folda ndani ya SYSVOL, sasa kompyuta zinaleta kosa namba 1058. Naambiwa niendeshe dcgpofix. Niendeshe?" SYSVOL ni folda ya seva ambamo sera, yaani kanuni za kuongoza kompyuta za ofisi, hukaa; 1058 ni kompyuta kushindwa kuzisoma; na dcgpofix ni amri ya kurudisha sera za mwanzo. Nilimpigia hapo hapo, saa tano usiku, kwa sababu kosa la kufuta folda hiyo nimewahi kulifanya na bado linaniuma.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Diski ya seva imejaa, natafuta cha kupunguza. Kwenye folda ya Policies nikaona majina marefu ya namba na herufi, nikadhani ni mabaki. Lile linaloanza na 31B2F340 ndilo Default Domain Policy, sera mama ya domeni nzima ya Windows, yaani kompyuta na akaunti zote za ofisi zinazosimamiwa pamoja. Nikalifuta. Tulikuwa na seva mbili za domeni, na muda si mrefu folda ilitoweka kwenye ya pili pia, maana zinanakiliana. Seva ya pili si bakapu, yaani nakala ya akiba. Narudia, si bakapu! Na bakapu yenyewe nilikuta imekwama miezi kadhaa, hakuna aliyekuwa akiikagua.

Jumamosi nikaendesha dcgpofix /target:Domain, nikajibu Y mara mbili, sera ikarudi. Nikaenda nyumbani na amani.

Jumatatu asubuhi simu hazikukatika. dcgpofix hairudishi sera yako, inarudisha ile ya siku domeni ilipoundwa: nywila ya herufi 7, kikomo cha kuitumia siku 42, na akaunti haifungwi hata mtu akosee mara ngapi. Sisi tulikuwa na herufi 10, siku 90, kufungiwa baada ya makosa 5. Kila ambaye nywila yake ilizidi siku 42 alilazimishwa kubadili, wahasibu wakiwa katikati ya malipo ya mishahara. Bosi aliniita mzembe mbele ya ofisi nzima. Sijasahau.

Kilichoniokoa ni ripoti ya sera niliyowahi kuwatumia wakaguzi, bado ilikuwa kwenye barua pepe zangu. Nikarudisha mpangilio mmoja mmoja. Siku 42 ziliporudi kuwa 90, waliokuwa hawajabadili nywila wakaingia kwa zile zile za zamani, kwa kuwa muda huhesabiwa tangu siku nywila ilipowekwa. Hadi mchana kazi ilikuwa inaendelea. Niliifanya peke yangu, bila mshauri wa kulipwa, na najivunia.

Ndugu yangu unayetaka kukabidhiwa seva za watu, jifunze kuogopa kitufe cha kufuta. Endesha amri ya Backup-GPO -All, inayonakili sera zote, kila wiki, nakala ikae nje ya seva. Usiweke mipangilio yako ndani ya sera mama, tengeneza sera yako pembeni. Ndani ya sera mama bakiza kanuni za nywila na akaunti tu. Na bakapu ikague, usiiamini tu.

Yule kijana nilimwambia kitu ambacho sikukijua Jumamosi ile. Folda ikifutwa, kanuni za nywila hubaki ndani ya domeni mpaka sera nyingine izibadilishe. Andika amri ya net accounts, inayoonyesha kanuni hizo, kwenye seva, piga picha unachokiona, ndipo uguse dcgpofix. Picha yake ilinifikia kabla ya saa sita: herufi 8, siku 60, makosa 3. Nikamjibu, sasa endesha.