Maswali na Majibu: Kufunga zawadi za Krismasi bila karatasi za kung'aa

Karatasi ya zawadi si karatasi tu? Kwa nini unaipiga vita? (Msomaji, Area C)

Si kila moja ni karatasi. Ifinyange kiganjani iwe donge, kisha fungua mkono. Ikibaki donge, ni karatasi. Ikijikunjua yenyewe, ina plastiki. Hiyo haiozi, na ukiichanganya na makaratasi ya kurejelezwa unayaharibu yote. Asubuhi ya Desemba 26 wengi wetu tunaichoma uani, watoto wakicheza palepale, na moshi wa plastiki ni sumu. Hilo linaniuma kuliko gharama yake.

Dada, nikitumia ile mifuko mbadala ya sokoni? (Kisasa)

Kama utaitumia tena na tena, sawa. Lakini mingi ya ile mifuko laini tuliyoizoea tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019 imetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki. Inafanana na kitambaa kwa macho tu.

Nataka kumfungia mama mkwe zawadi ipendeze, asione nimebana matumizi. (Nkuhungu)

Mfungie kwa khanga. Nunua doti, uikate. Kipande kimoja kitandaze mezani, ukunje upande mmoja kikaribie kuwa mraba. Weka boksi katikati, kona moja ya khanga ikikuelekea wewe. Kona hiyo ilaze juu ya boksi na uichomeke chini yake. Ya mbele vilevile. Zilizobaki, kulia na kushoto, zivute zikaze, uzifunge fundo mara mbili. Huhitaji selotepu. Kipande cha pili kiweke ndani ya boksi, mama apate doti kamili. Ila jina la khanga lisome vizuri dukani, maana yeye atalisoma kabla hajagusa fundo, na yapo majina ya kumpa mke mwenza, si mkwe!

Khanga ni ghali, na nina watoto wengi wa Shule ya Jumapili. (Mpwapwa)

Pita kwa fundi cherehani umwombe vipande vya vitenge vilivyobaki; kwa daftari na penseli vinatosha kabisa. Gazeti nalo linafaa, mradi lisigusane na vitu vya kuliwa, kwa sababu ya wino. Gundi pika mwenyewe: unga wa ngano na maji, koroga motoni mpaka uwe uji mzito, uache upoe. Paka kidogo tu, uweke kitabu juu mpaka ikauke. Ukizidisha, karatasi inajikunja. Funga kwa kamba ya katani, na jina la mtoto liandike kwenye kipande cha boksi.

Natuma asali na karanga Dar kwa basi. (Manyoni)

Tumia kikapu, cha ukili au cha milulu kutoka Iringa. Chupa ya asali izungushie kitenge, isigongane na nyingine. Mvua za Desemba zikilowesha boksi kwenye buti, kitako chake kinaachia na asali yote inamwagika. Kikapu kinavumilia, na mwenyeji wako ataendelea kwenda nacho sokoni.

Karatasi za kung'aa nilizokwisha nunua nizitupe? (Ipagala)

Hapana, zitumie. Ukifungua zawadi, bandua taratibu bila kuchana, uzikunje na kuzihifadhi kwa mwaka ujao. Usinunue nyingine.